Maneno Matatu ya Lotsove

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa tano

Kopi kumi na mbili zimebaki. Chai imepoa. Insha za Kiingereza za kalasi ya tano, "Familia yangu". Wote wameandika vilevile: baba ni mrefu, mama ni mzuri, tuna mbuzi. Napita na biki nyekundu bila kufikiri.

Lakini safari hii kopi zina uzito. Kituo kimoja cha wanyama kule Epulu kimeandikia shule barua. Kinataka mwanafunzi mmoja, likizo kubwa yote, ajifunze kupokea wageni kwa Kiingereza. Akifanya vizuri, kazi itamngoja. Prefe, mkuu wetu, amesema insha ndiyo itaamua. Na msahihishaji ni mimi.

Mimi. Si Grâce, mwalimu mwenzangu. Nimefurahi kuliko inavyofaa.

Jumanne, tarehe 6

Niandike ukweli, hakuna atakayesoma. Nina wivu.

Grâce alikuja mwezi wa kwanza. Mtoto wa Mahagi, amesomea Kampala, miaka ishirini na sita. Mimi nina miaka kumi na saba katika shule hii. Prefe akatugawia masaa ya kalasi ya tano: mimi sarufi, yeye mazungumzo. Zamani watoto waliniita Madamu English. Sasa jina limehamia kwake. Hakuna aliyeniuliza.

Leo nimepita karibu na dirisha lake. Watoto walikuwa wanacheka, kwa Kiingereza. Wangu hawajawahi kucheka kwa Kiingereza. Nikasimama pale kama mwizi.

Kwenye tablo ameandika: *With him sick, I stayed at home.* Yaani, yeye akiwa mgonjwa, nilibaki nyumbani. Kitenzi kiko wapi? Miaka yote nafundisha kwamba kivumishi hakikai peke yake nyuma ya *him*. Lazima useme *because he was sick*. Yeye anameza kitenzi na watoto wanampigia makofi.

Kosa lake la kwanza. Nilirudi nyumbani Rwambuzi kwa miguu, mwepesi kabisa.

Alhamisi, tarehe 8

Nimemaliza. Wanane wameandika kwa mtindo wa Grâce. *With them away. With me alone.* Nimekata zote. Alama mbili kila mahali.

Aliyeumia zaidi ni Lotsove, msichana aliyekimbia Djugu, anakaa na mama yake kwenye site ya wakimbizi nje ya mji. Mwaka jana Kiingereza chake kilikuwa maneno matano. Sasa anaandika ukurasa mzima. Mtindo ule ameutumia mara nne. Sentensi ya mwisho: *With him dead, with her ill, I am the father of our house.* Baba amekufa, mama ni mgonjwa, mimi ndiye baba wa nyumba yetu.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikavuta mstari mwekundu juu yake. Tisa kwa ishirini.

Sikusikia huruma. Niliyekuwa namkata ni Grâce.

Ijumaa, tarehe 9

Nimepeleka kopi kwa prefe. Akaona mistari mingi myekundu, akamwita Grâce.

"Madamu Béa, ile sentensi iko juste," Grâce akasema. "Watu banasemaka vile kila siku."

"Watu gani?"

"Benye Kiingereza, mama."

Mama! Nina miaka arobaini na tatu.

Prefe ni mtu wa hesabu, Kiingereza hajui. Akatutazama, mmoja mmoja. Akasema Madamu Béa iko na miaka kumi na saba hapa, alama zake zibaki. Jina la mshindi litapelekwa Ijumaa ijayo. Na Grâce aache kufundisha sentensi za namna ile.

Grâce alitoka akafunga mlango polepole. Mimi ningeubamiza.

Nimenunua makayabu, samaki wa chumvi, nimejipikia. Nimekula vizuri.

Jumapili, tarehe 11

Baada ya misa nilitafuta kitabu kikubwa cha sarufi cha wakati nasomea ualimu. Nilitaka ukurasa wa kumwonyesha, anyamaze kabisa.

Nimeupata. *With*, halafu *him*, *her*, *them*, si *he*, si *she*. Halafu kivumishi. Bila kitenzi. Mifano mitano. Na pembeni, kwa penseli, mwandiko wangu wa usichana: "Muhimu. Inatumika sana."

Niliijua. Nikaisahau. Nikawafundisha watu kusahau kwangu.

Nimefunga kitabu. Nimekiweka chini ya vitenge ndani ya sanduku.

Jumatatu, tarehe 12

Sikusema.

Jumanne, tarehe 13

Sikusema. Kichwa kinauma. Grâce amenisalimia vizuri mbele ya walimu wote. Nikamchukia kwa hilo pia.

Jumatano, tarehe 14

Nimerudisha kopi. Wengine walipotoka Lotsove alibaki, akaja mezani na insha yake.

"Madamu, nielezee. Nilikosea wapi?"

"Verbe, kitenzi, haiko."

"Njo niandike namna gani?"

Nikamwandikia: *because he is dead and because she is ill*. Akasoma polepole, midomo ikitembea.

"Hii inaeleza sababu," akasema. "Miye sikutaka kueleza sababu, madamu. Nilitaka kuonyesha namna tuko."

Akakunja karatasi yake, akashukuru, akaenda.

Nilibaki nimekaa. Miaka kumi na saba, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia kitu kama hicho juu ya sentensi. Maneno matatu, *with her ill*, na mama yake yumo ndani, amelala. Mimi nilimfuta kwa biki. Na aliyemfundisha kusikia vile si mimi. Aibu na wivu vikanishika pamoja. Sikujua ni kipi kinachonitoa machozi.

Alhamisi, tarehe 15

Nimepeleka kitabu kwa prefe. Nikaomba Grâce aitwe. Nikafungua ukurasa, nikamtafsiria prefe mstari kwa mstari.

"Umejua tangu lini?" prefe akauliza.

"Jumapili."

Akavua miwani. Akaipangusa kwa muda mrefu. Kisha akaamua: Grâce akusanye tena kopi zile nane, azisahihishe upya leo. Na mwaka ujao kalasi ya tano na ya sita zitakuwa zake peke yake. Mimi nitachukua ya kwanza na ya pili.

Nilistahili. Nimeumia vilevile.

Nje, Grâce akanishika mkono. "Pole, mama."

"Usiniite mama."

"Njo nikuite nani?"

"Béa."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, tarehe 20

Lotsove ana kumi na saba kwa ishirini. Wa kwanza. Nimesoma kopi upya mwenyewe, nikitafuta mahali Grâce amependelea. Hakuna. Hata mimi ningempa kumi na saba.

Jina lilipelekwa Ijumaa. Leo msichana amekuja kuikataa nafasi. Akasimama mlangoni mwa chumba cha walimu, akasema mama hawezi kuchota maji, hawezi kukumbuka saa za dawa, nani atabaki naye? Hakulia. Alisema kama mtu aliyekwisha kufanya hesabu.

Grâce alikuwa anainua kichwa. Nikamtangulia.

"Miye nitaenda kwa mama yako. Kila siku. Weye uende Epulu."

Ni neno jema. Lakini niandike na hili: nilisema haraka ili Grâce asiliseme kwanza.

Jumapili, tarehe 13 mwezi wa saba

Site. Nimechota maji madumu mawili. Nimempa Mama Lotsove dawa ya asubuhi, nimetwanga sombe, majani ya muhogo. Ananenepa kidogo usoni. Hazungumzi sana, na mimi nimezoea.

Saa nne Lotsove amepiga simu. Mama akataka nizungumze naye Kiingereza, asikie. Tukazungumza. Wageni wawili wamefika, mvua inanyesha, amemwona okapi kwa karibu. Aliniuliza maneno, nikayajibu. Mengine sikuyajua. Mama hakuelewa hata moja, alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Simu ilipokatika akanigeukia.

"Ni weye ulimufundisha vile?"

Hapakuwa na mtu mwingine ndani ya hema. Angeamini chochote.

"Hapana, mama. Ni mwenzangu. Anaitwa Grâce."

"Umusalimie sana."

"Nitamusalimia."

Akasogea kwenye mkeka ili nipate mahali pa kukaa. Nikakaa. Tukangoja sombe iive.