Njia ya Mbali ya Kisimani

Mjukuu wangu Wakesho,

Wengi hukosea: wakisikia ule msemo wa wazee, "Deni hurefusha njia," hudhani unakataza kukopa. Babu yako ni mzima, anakusalimu, na ng'ombe amezaa ndama jike. Umeuliza msemo huo ulitoka wapi. Aliyeutunga simjui, ila nadhani aliwahi kupita njia niliyopita mimi.

Nilikuwa nimeolewa tu hapa Sagalla, miaka michache baada ya vita vya Wajerumani. Nilimkopa jirani, Mama Mghoi, kikapu cha mbegu za mtama. Desturi ilikuwa kukirudisha kimejaa baada ya mavuno, lakini mvua ilikataa. Basi nikawa nateka maji kwa njia ya mbali, nyuma ya miamba, nisipite mlangoni pake. Mawingu yaliporudi sikuwa na punje ya kupanda. Nikaenda kwake na kikapu kitupu.

"Kumbe u hai!" akasema. "Nilidhani nyani wamekuoa huko miambani."

"Mama, sina cha kurudisha."

"Kwani mvua ilininyeshea mimi peke yangu? Mbegu ningezingoja. Lakini miezi yote hii sina wa kunitwika mtungi!"

Akanijazia kikapu tena. Msimu ule nilimrudishia viwili.

Umeandika pia kwamba unamkwepa Rehema kwa sababu ya sweta lake ulilolipoteza. Mimi nyanya yako nakuomba: leo, kabla ya chakula cha jioni, nenda ukamsalimie na umwambie.