Dawa ya Neema Sasa Nampa Mimi

Mpendwa Mama Neema,

Leo nimetoka shambani mapema, jua likiwa bado juu, nimewaacha wenzangu wakichuma kahawa na kunitazama kama mtu anayekwepa kazi. Waache watazame. Nina habari za binti yako, na hapa nyumbani sina wa kumwambia. Watu wapo tele, unawajua walivyo wengi. Ila wa kuongea naye habari za Neema kutoka mwanzo hadi mwisho ulikuwa wewe tu.

Unakumbuka kifafa kilipomwanza, tulipokuwa tumeshuka kwenu Mbamba Bay kuwasalimia wazee? Alikuwa anacheza pale mnapoanika usipa, dagaa wenu wa ziwani, mara akaanguka, macho yakageuka, mwili wote ukakakamaa. Mimi nikasimama kama gogo. Wewe ukamlaza ubavu, ukamlegeza nguo shingoni, na shangazi yako alipoleta moto ili amfukize ukamwambia, "Shikamoo shangazi, lakini mwanangu hafukizwi." Hata katika hofu ile hukusahau shikamoo! Nilicheka baadaye, tukiwa kwenye gari la kupanda Mbinga, na wewe ukanikasirikia kwamba nacheka huku mtoto anaumwa.

Hospitali wakatupa vidonge, kimoja kila jioni. Tangu siku ile hukuwahi kukosa. Unaponda kidonge kwenye kijiko, unachanganya na ndizi mbivu, unamwita. Ukiwa na homa ulimpa. Tukigombana ulimpa, umeninunia mimi huku unamchekea yeye. Mimi hata pakiti inakaa wapi sikujua. Kwangu Neema alikuwa ameshapona.

Tulipokuzika, mama alimchukua Neema akalale kwake, nami nikashukuru. Unaijua sengu yetu. Ulipoolewa ulishangaa kuona ukoo mzima unakula pamoja kwa baba, kila nyumba inaleta chungu chake, watoto wote sahani moja, na kila mwanamke ni mama yao. Ukanitania, "Ninyi Wamatengo hata kuposa mlikuja kundi zima, nikabaki najiuliza anayenioa ni yupi." Mimi sengu ndiyo iliyonilea, na msiba ulipotupata ndiyo iliyotubeba. Kwa hiyo niliiweka pakiti ya dawa jikoni kwa mama, nikasema Neema anywe kimoja jioni, na wote wakaitikia.

Wote, Mama Neema. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jioni moja mama anampa, shangazi naye akiingia anaona mtoto wa marehemu asije akasahauliwa, anampa tena, na mke wa kaka naye ana huruma zake. Jioni nyingine kila mmoja anadhani mwenzake ameshampa, mtoto analala bila. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mimi nilichokiona ni mtoto anayesinzia juu ya ugali, anayeyumba akitembea kama mtu aliyetoka kilabuni. Hachezi, haulizi kitu, hata kulia halii. Kisha kifafa kikarudi.

Watu wakaanza kusema dawa ndiyo inayommaliza. Mama mwenyewe alinishika mkono, machozi yakimlengalenga, akasema, "Mwanangu, tumeshamzika mama yake. Hii sumu itupe." Na mimi nilikaribia kuitupa. Niliogopa nikiiacha kifafa kitamchukua, na nikiendelea dawa itamchukua. Nilikutamani wakati ule kuliko hata siku ya mazishi. Siku ya mazishi nilikuwa na watu wa kunishika.

Nikapanda naye bodaboda hadi Mbinga kuuliza. Daktari tuliyemkuta ni dada mmoja mpole, asiye na haraka. Akampima uzito, akamtembeza, akamwangalia macho. Kisha akaniuliza, "Nani anampa dawa?"

"Tunampa."

"Nani?"

"Sisi, daktari. Pale nyumbani."

"Baba, nyumba haishiki kijiko. Nitajie mtu."

Nikaanza kutaja. Nilikuwa bado nataja alipoweka kalamu chini.

Hakunigombeza. Alisema dawa haina ubaya, ila leo mtoto anapewa nyingi na kesho hapewi kabisa, mwili utafuata lipi? Akanionya tusithubutu kuiacha ghafla, maana kifafa kinaweza kurudi kikali kuliko mwanzo, na hata siku tukisahau tusimpe mbili kufidia. Akataka nimrudishe amwangalie tena. "Sasa chagua mtu mmoja tu wa kumpa. Mama yake yupo?"

Nikasema hayupo.

"Basi ni wewe."

Wakati wa kurudi nilimfunga kifuani kwa kitenge chako, kwa vile alikuwa anasinzia, na njia nzima hadi kwetu Mkumbi nikawa naongea na wewe. Dereva alidhani naongea na simu, akawa anapunguza mwendo ili nisikie vizuri.

Jioni hiyo nikasimama mbele ya sengu nikasema kwamba kuanzia leo Neema atalala kwangu, na dawa nitampa mimi, asimpe mwingine yeyote. Mama akauliza, "Kwa hiyo sisi ndio tuliokuwa tunamuua?" Nikamwambia, "Hapana mama. Mlimpenda wengi mno." Baba akakohoa, akasema mtoto apewe baba yake, na watu wakarudi kwenye chakula.

Tangu hapo jioni zangu zimekuwa hivi. Wenzangu wanakaa kwa baba, nami niko nyumbani kwetu na kijiko na ndizi, nawasikia wakicheka kule. Mama alininunia siku kadhaa. Juzi akaja na kikombe cha maji, akasimama mlangoni: "Na maji je, daktari amekataza?" Nikampokea, akamtazama Neema akimeza, kisha akaondoka. Nyumba ikarudi kuwa kubwa. Kumbe na wewe ulikuwa hapa peke yako kila jioni, mimi nikiwa kule nacheka na wenzangu. Hukuwahi kuniambia kama ni upweke.

Lakini binti yako amechangamka, mke wangu. Anatembea sawasawa. Ameanza tena kukimbiza kuku wa baba, anauliza maswali hadi kichwa kinauma. Na jana, alipomaliza kumeza, alitazama huku na huku ndani ya nyumba kama mtu aliyetoka safari, akaniuliza, "Mama yuko wapi?"

Miezi yote hii hakuwahi kuuliza. Mimi nilidhani amezoea. Kumbe alikuwa usingizini, na sasa nimemwamsha ndipo amekuta haupo.

Nikamwambia ukweli, kwamba umekufa na hutarudi. Akalia, Neema wetu, akalia kwa sauti yake yote, kilio ambacho hakulia siku ya mazishi. Sikumnyamazisha. Nilimpakata nikalia naye, na katika kulia kule nikamshukuru Mungu kwamba mtoto yuko macho.

Pumzika, Mama Neema. Jioni nitampa.

Ni mimi mume wako,
Baba Neema