Doto Kwenye Kabati la Kioo

Jumanne, Juni 1974

Na bado anajiita baba wa watoto wangu.

Leo nimerudi kutoka shambani, kitandani kwa Kulwa kibuyu hakipo. Kile kibuyu kidogo nilichokivisha gauni na shanga pacha wake Doto alipofariki, ili mtoto asilale peke yake, kama mama mkwe alivyonifundisha. Mahali pake amelazwa mwanasesere wa plastiki, mweupe, macho yanafumba ukimlaza.

"Nimempa yule Mzungu wa mgodi wa Mwadui anayekusanya wanasesere wa kale," akasema Baba Kulwa. "Ana kabati zima la kioo. Mama Kulwa, kile ni kibuyu tu."

Wa kale! Mzungu alikiona cheusi, kinang'aa, akadhani ni cha enzi za mababu. Mume wangu akaitikia, ndiyo, cha zamani sana. Ule weusi ni samli niliyokipaka kwa mikono yangu kila jioni. Kina miaka miwili tu, sawa na kaburi la Doto.

Mama mkwe husema pacha aliyekufa asipolishwa humrudia mwenzake amchukue. Mimi ni Mkristo, siamini. Lakini naogopa.

Wakati wa kula Kulwa alibakiza uji wa Doto kama kawaida, akampelekea yule wa plastiki mdomoni. Ukamwagika wote.

"Mama, huyu hataki. Doto sasa analishwa na nani?"

Baba yake akainuka, akatoka nje.

Nimetia komeo mlangoni nyuma yake; asirudi bila kibuyu.