Wanakimbilia Pembeni

Jumamosi, Londiani

Na bado wanaiita kasi! Timu yetu ya taifa imepigwa na Namibia tena, kwa ujinga uleule. Wanacheza raga ya watu kumi na tano kana kwamba ni ya watu saba: wakipata mpira, wote wanakimbilia pembeni, katikati hakuna wa kusukuma. Kila skramu, pale timu zinaposukumana bega kwa bega, tulirudishwa nyuma kama mkokoteni mtupu. Halafu mtangazaji anasifu mbio zetu. Mbio za kwenda wapi?

Hayo ningevumilia. Lakini kocha wa timu hiyohiyo amemwita ndugu yangu mdogo, Kiprono, kambini, na kumtaka kwanza apunguze kilo akiwa hapa nyumbani ili awe mwepesi. Kiprono, anayebeba gunia la viazi kutoka shambani bila kupumzika! Ndiye hasa wanayemkosa pale katikati, nao wanataka kumfanya winga, wa kukimbia pembeni.

Jioni Mama alimmiminia mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Kiprono akasukuma kikombe kando. Mama akakichukua, akakifunika kwa sahani.

"Umeona skramu?" nikamuuliza Kiprono.

"Nimeona, dada."

"Sasa unakonda kwa ajili ya nani?"

"Nikikataa wataniacha. Wewe ndiye utanichagua?"

Naogopa atakonda, na bado wasimchezeshe, na sisi turudishiwe mtu ambaye...

Amelala njaa. Alfajiri anapanga kukimbia hadi Kedowa. Akitaka, akimbie pekupeku. Viatu vyake viko chini ya kitanda changu.