Meneja Ndani ya Kontena

Shoga, siamini. Siamini kabisa!

Unamjua meneja wetu asivyoshaurika. Leo tunaiingiza kwenye kontena ile ndege ndogo inayosafirishwa ng'ambo. Mabawa tumeshayang'oa, tumeyazungushia magodoro. Yeye kajitia mwisho kabisa wa kontena, anaamrisha: "Sukumeni! Bado! Sukumeni!"

Tukasukuma mpaka kontena likajaa pomoni. Naye yuko nyuma ya ndege! Apite chini, kitambi kimegoma.

Mara ofisa wa forodha huyo, kaja na lakiri ya kufungia mlango. "Humu mna nini?"

Nikamjibu, "Ndege moja, mzee."

Sauti ikatoka ndani: "Na meneja mmoja!"

Ofisa hata hakucheka, shoga. Kapekua karatasi zake. "Meneja hayumo kwenye orodha. Mtoeni."

Tumeishusha ndege nzima. Katoka na vumbi mpaka kwenye kope, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Natumaini sasa mmejifunza."