Jozi Mbili za Namba Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Februari

Beli ya viatu vya mitumba imefunguliwa leo hapa sokoni Kitale. Nilifika wa kwanza, kwa hivyo kamera ni yangu: zile bora, kabla wenzangu hawajatia mkono. Nyingi ni za kukimbia barabarani. Za mwamba ni jozi mbili tu. Zote namba arobaini na moja, mguu wangu. Mama alizoea kuniambia nina miguu ya askari.

Jozi ya kijivu. Kitambaa kimechakaa, kamba zimefifia. Mbaya kwa macho. Lakini raba! Nimeibonyeza kwa ukucha, ikabonyea na kurudi. Nimeilowesha nikaisukuma kwa ukuta wa simiti, haikusonga. Ncha ya soli haina meno, ni bapa, pale pa kusimamia ukingo mdogo wa jiwe. Kamba zinaanzia karibu na vidole, mguu hautelezi ndani. Hiki unatembea nacho mpaka kwa mwamba na unapanda nacho bila kubadilisha.

Jozi ya buluu. Inang'aa kana kwamba haijawahi kuona udongo. Meno yote yapo. Lakini nilipoikunja nilisikia sponji ndani ikilia kama mkate mkavu. Kiatu kikikaa kwa sanduku miaka mingi hufa kikiwa kipya. Watu wa soko tunajua. Wanunuzi hawajui.

Nilitaka kuitupa. Sijaitupa.

Alhamisi, 6 Februari

Barasa amekuja. Mwaka mzima hajakanyaga hapa.

Kikundi cha kupanda miamba tulikianzisha wawili. Njia ya kutoka Endebess hadi ule mwamba niliitafuta mimi, panga mkononi. Yeye alitafuta wageni, maana mdomo anao. Kisha siku ile akaniomba viatu vyangu, ati yeye ndiye anatangulia na kamba. Akanipa vyake vya kukimbia. Niliteleza. Kifundo cha mkono kikavunjika, kikatiwa chuma. Plasta haijakauka, tayari amewaambia watu wa Bungoma kwamba niliingiwa na woga. Ati mama wa mitumba arudi kwa mitumba. Hakuna aliyeniita tena. Viatu pia hakurudisha.

Leo anacheka mlangoni. "Wairimu! Bado uko na ule mkono wa chuma?" Vile vyangu amevimaliza. Jumamosi ya wiki ijayo anapandisha walimu wa Bungoma, anataka vingine.

Niliweka jozi zote mbili mezani. Hapa sokoni muuzaji hasemi ubaya wa mali yake; mteja ana macho. Aliinua ya kijivu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Hii ulimvua marehemu?"

Akachukua ya buluu. Nikamfungia vizuri. Hata nikamwambia safari njema. Moyo wangu ulikuwa mtamu.

Ijumaa, 7 Februari

Hesabu. Kutoka Endebess hadi chini ya mwamba ni saa mbili kwa miguu, kokoto na mlima. Sponji kama ile haimalizi saa moja. Kuna mtu wa Naitiri niliwahi kumuuzia ya aina hiyo bila kujua. Alitembea mpaka kanisani tu, akanirudishia soli ndani ya mfuko.

Basi vitapasukia njiani. Mbele ya walimu wote. Atarudi pekupeku akichechemea, na kwa mwamba hatafika.

Nataka achekwe. Sitaki afe. Ni vitu viwili tofauti. Naandika hapa nisisahau.

Jumapili, 9 Februari

Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa naona soli ikipigapiga kama ulimi wa ng'ombe. Nilicheka katikati ya sala. Jirani akanifinya.

Jumanne, 11 Februari

Gambuti tu ndizo zinauzika. Asubuhi baridi, mkono unauma. Vizuri. Na uendelee kuuma mpaka Jumamosi.

Alhamisi, 13 Februari

Nekesa amepiga simu. Ni mwalimu wa Myanga, na katika kikundi kizima ni yeye peke yake aliyekuja kuniona mwaka jana. Alinisuka nywele nikiwa na plasta. Alimenya viazi jikoni kwangu.

Jumamosi anaenda. Amepangwa wa pili kwa kamba, nyuma ya Barasa. Barasa akiteleza kabla hajaifunga kamba juu, anamwangukia.

Halafu akasema, akicheka: "Na safari hii hatutembei, bana! Pikapu inatufikisha mpaka chini ya mwamba. Barabara ya shamba imetengenezwa."

Nilikaa chini kwa rundo la viatu.

Hesabu yote ilisimama juu ya ile njia. Sasa njia haipo. Vitatoka kwa gari vikiwa vizima na vitapasukia juu ya jiwe.

Nilimpigia Barasa. Hakushika. Nikapiga tena, nikamwambia asivivae. "Wivu, mama," akakata. Nikamwambia Nekesa asiende, viatu vya Barasa vimekufa. Akasema ananielewa nina uchungu, lakini nisimharibie mtu kazi.

Haniamini. Hata mimi singejiamini.

Jumamosi, 15 Februari

Niliamka kabla ya kuku. Bodaboda mpaka Endebess, na nyingine mpaka barabara ya shamba ilipoishia. Miguuni zile za kijivu.

Niliwakuta chini ya mwamba. Barasa ameshajifunga kamba, mguu mmoja uko juu ya jiwe. Nekesa nyuma yake.

Nikasema shuka. Akauliza nani amenialika. Nikasema inua kisigino.

Akakiinua, watu waone nilivyo wazimu. Nilikishika kwa mkono ule aliouvunja, nikapinda. Soli yote ikabaki mkononi mwangu. Sponji ikamwagika kama makombo.

Kisha mwalimu mmoja mnene: "Ai! Kiongozi amevaa mandazi!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kicheko hicho nilikingoja mwaka mzima. Nilikinywa chote.

Barasa akasema: "Si ni wewe umeniuzia!"

Kweli. Nikakubali mbele yao. Nilimuuzia nikijua, jozi mbili ziliwekwa mezani, akachagua ya kung'aa. Kisha nikamwambia: "Sasa nawe waambie. Siku ile nilianguka nikiwa na viatu vya nani?"

Akatazama pikapu. Nekesa akaifungua kamba kiunoni mwake. "Jibu, Barasa."

"Vyangu."

"Rudia. Wa nyuma hawajasikia."

Alirudia.

Nikajifunga kamba, nikapanda wa kwanza. Raba iligusa jiwe ikabaki. Mahali nilipoteleza mwaka jana nilisimama, nikatema mate, nikaendelea. Barasa alikaa kwa pikapu na soksi.

Nekesa alinifuata. Kule juu hakunitazama. Akauliza: "Na kama singekupigia simu?"

Nilikunja kamba. Niliikunja vizuri sana.

Jumatatu, 24 Februari

Mvua ndogo leo. Wateja wachache.

Barasa amemwachia mama wa kibanda jirani mfuko, hakuingia kwangu. Ndani vile viatu vyangu vya mwaka jana. Ameviosha, ametia kamba mpya. Ncha zimelika upande wa nje, anavyokanyaga yeye.

Walimu wa Bungoma wamenitumia ujumbe. Wananitaka niwapandishe mwezi ujao. Nekesa hayumo kwa majina. Hajapiga simu tangu siku ile. Mimi nimepiga mara mbili.

Nilivaa vile viatu. Namba ni ileile, lakini vidole vyangu vilitafuta nafasi yao na havikuipata. Vimekuwa vya mguu mwingine.

Nimevitoa. Nimeviweka nyuma, mahali mvua haifiki. Sitaviuza. Sitavivaa.

Za buluu, nilizozibeba kutoka mwambani, nimezikata kwa kisu, moja na ya pili, ndipo nikazitupa.