Baruti ya karyere

Vendredi, mwezi wa kumi

Mukono ya Kasongo haiko tena. Ule mutu, ni shemeji yangu, ndugu ya marehemu bibi yangu.

Tangu bapolisi bapige mwalimu wa kwetu mpaka akakufa, bantu ya cité, mutaa wetu, balisema bapolisi bakirudia, tutabapokea na pupu, ile bunduki ya kuwindia. Kasongo njo alipewa kuichunga. Baruti ya kuwinda ilikosa, akatafuta ile ya kupasulia mawe.

Minye nimetumika miaka kumi na mbili ku karyere ya Kakontwe, kule tunapasua mawe. Ninajua ile baruti inapasua hata chuma. Nilimuona akiijaza mu pupu. Nikanyamaza. Niliogopa kama nasema, batanihesabu na minye mu mambo ya bunduki.

Leo asubui akajaribu ile pupu ku shamba. Ikamupasukia. Bapolisi hata habakufika.

Ku hôpital hatuwezi kwenda, bataulizia bunduki. Nilimufunga kidonda na kikwembe, nguo ya marehemu bibi yangu.

Akaniuliza: «Shemeji, weye mutu wa karyere, ulijua?»

«Sikujua.»

«Basi ni bahati mubaya tu.»

Kisha akanishika na mukono yenye ilibakia, akasema aksanti.